Msamiati wa SAT na haki ya mtoto wa Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nasomesha Kiingereza katika skuli ya sekondari Pemba. Maswali haya huletwa na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na wazazi wao, pale habari za kusoma nje zinapoanza kuzungumzwa nyumbani. Mengi yanarudi kwenye jambo moja: kwa nini mtoto mwenye akili na bidii anakwama kwenye maneno.

SAT ni mtihani gani?

Ni mtihani wa Marekani unaotumiwa na vyuo vikuu vya huko kuwapima waombaji. Unaendeshwa na College Board, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1900. Una sehemu mbili, kusoma na kuandika kwa Kiingereza, na hisabati. Kila sehemu ina alama 200 hadi 800, kwa hivyo jumla huwa kati ya 400 na 1600. Tangu Machi 2023 sisi tulio nje ya Marekani tunaufanya kwa kompyuta, maswali 98 kwa saa mbili na dakika 14. Kuna mtihani mwengine wa aina hiyo unaoitwa ACT.

Mitihani ya TOEFL na IELTS ni kitu chengine. Hiyo inapima kama Kiingereza chako kinatosha kusomea chuoni, na inakuchukulia tangu mwanzo kuwa wewe ni mgeni wa lugha hiyo. SAT haikuchukulii hivyo. Inakuweka meza moja na mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiingereza, na saa ni ile ile.

Nikitaka kusoma SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nauhitaji?

Hapana. Vyuo vyetu huangalia matokeo ya kidato cha sita au stashahada, kwa taratibu za TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu nchini. Kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, hapa Zanzibar, iliyoanza kusomesha mwaka 2023, ina mtihani wake wa mchujo na usaili. Huko nako lugha ni Kiingereza, na mengi utakayosoma hapa yatakufaa.

Kwa nini inasemwa kwamba msamiati wa SAT unawaonea watoto wa maskini?

Ukitaka kuelewa lawama hiyo, tazama ulikotoka. SAT ya kwanza ilifanywa Juni 1926 na watahiniwa 8,040. Aliyeitengeneza ni Carl Brigham, mwalimu wa Princeton, aliyekuwa ameshiriki katika mitihani ya akili iliyotumiwa na jeshi la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1923 Brigham aliandika kitabu kilichodai kwamba baadhi ya mataifa na rangi za watu zina akili ndogo kuliko nyengine. Mwaka 1930 aliyakana madai yake mwenyewe kwa maandishi, lakini mtihani ulibaki ukaenea. Maswali yake mengi yalikuwa ya maneno: maana, kinyume, na uhusiano kati ya jozi za maneno. Aliyeyajua maneno alihesabiwa kuwa na akili.

Swali moja la miaka ya baadaye limebaki kuwa mfano maarufu. Mtahiniwa alipewa jozi ya mkimbiaji na marathoni, akatakiwa kutafuta jozi yenye uhusiano kama huo. Jibu lilikuwa mpiga makasia na "regatta", yaani mashindano ya mashua. Watoto waliokulia kwenye familia zenye vilabu vya mashua walilijibu bila shida. Wa mitaa maskini ya mjini walibahatisha.

Kwetu swali hilo lina uchungu wa namna yake. Mtoto wa Nungwi anazijua resi za ngalawa tangu hajaanza kusoma. Anajua nani mwenye tanga zuri, upepo gani unafaa, na kwa nini nahodha fulani alishindwa mwaka jana. Kitu anakijua kuliko mtunga swali, lakini kwa sababu hana lile jina la Kiingereza lililotoka Venice, alama yake ni sifuri, na sifuri hiyo inasomwa kama upungufu wa uwezo wa kufikiri.

Lakini maneno hayo si yalishaondolewa?

Mengi yameondolewa, na ni haki kulisema hilo. Maswali ya kinyume yalitolewa mwaka 1994, na yale ya jozi za maneno mwaka 2005. Mwaka 2014 rais wa College Board, David Coleman, alitangaza kwamba maneno adimu ambayo mtu huyakariri kwa ajili ya mtihani tu yatatoka, na nafasi yake itachukuliwa na maneno yanayotumika kweli chuoni na kazini. Mtihani huo mpya ulianza Machi 2016, na adhabu ya kukatwa robo alama kwa jibu lisilo sahihi ikaondoka pia. Siku hizi kila kifungu cha kusoma ni kifupi, aya moja au zaidi kidogo, na kina swali moja tu.

Kilichobaki ni maswali ya neno ndani ya muktadha. Ni bora kuliko ya zamani, bila shaka. Hata hivyo hayajawa sawa kwa wote, na swali linalofuata linaeleza kwa nini.

"Maalim, binti yangu anapata A ya Kiingereza skuli, lakini kwenye majaribio ya SAT sehemu ya kusoma inamwangusha. Kasoro iko wapi?"

Kasoro haiko kwa binti yako, Bi Mkubwa. Watoto wetu wanakutana na Kiingereza darasani tu. Hawakutani nacho jikoni, wala uwanjani, wala wakigombana na ndugu zao. Kwa hivyo maneno waliyonayo ni ya kitabuni. Mmomonyoko wa ardhi, uvukizi, katiba, ukoloni, mzunguko wa damu: yote hayo binti yako anayajua kwa Kiingereza na anayaandika bila kukosea herufi. Neno linalomkwaza ni dogo. Ni "porch", kibaraza cha mbele ya nyumba. Ni "chore", kazi ndogo ya nyumbani anayopewa mtoto. Ni "lawn", uwanja wa majani, ni "ledge", ukingo mwembamba uliojitokeza, ni vitenzi vya maneno mawili au matatu kama "put up with", yaani kuvumilia. Mtoto wa Boston aliyajua hayo kabla hajaanza skuli, bila kufundishwa na mtu. Kwetu hayamo kwenye silabasi wala kwenye kitabu cha kiada, na mwalimu anayekimbizana na mtihani wa taifa hana kipindi cha kuyapitia.

Jambo hili limechunguzwa huko huko Marekani. Mwaka 2003 Roy Freedle, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi ETS, taasisi iliyokuwa ikitengeneza maswali ya SAT, alichapisha makala katika jarida la Harvard Educational Review. Aliwalinganisha wanafunzi weusi na weupe wenye alama sawa kwa jumla. Akakuta wanafunzi weusi wanaanguka zaidi kwenye maswali yaliyohesabiwa mepesi, na wanafanya vizuri zaidi kwenye yale magumu. Maelezo yake ni kwamba neno jepesi ni la mazungumzo ya kila siku, na kila jamii hulitumia kwa namna yake. Neno gumu hufunzwa skuli, na maana yake haibadiliki kutoka mtaa mmoja hadi mwengine. College Board waliipinga kazi hiyo. Mwaka 2010 Maria Veronica Santelices na Mark Wilson wakairudia kwa takwimu mpya na kwa njia iliyojibu pingamizi zile, na katika sehemu ya lugha wakakuta jambo lile lile kwa wanafunzi weusi.

Nilipoisoma habari hiyo niliwaona wanafunzi wangu ndani yake, ingawa haikuandikwa kwa ajili yao. Tunapompa mtoto wetu orodha ya maneno marefu ya kutisha, tunamwongezea kile ambacho tayari ni nguvu yake, na pengo lenyewe tunaliacha wazi.

Watunga mtihani hawana njia ya kuyakamata maswali yenye upendeleo?

Wanayo. Huchukua wanafunzi wa makundi mawili wenye alama sawa kwa jumla, kisha huangalia swali moja moja. Kundi moja likianguka mno kwenye swali fulani, swali hilo hutupwa au hurekebishwa. Ni kazi nzuri. Udhaifu wake ni kwamba inapima kila swali kwa kulilinganisha na mtihani mzima. Ikiwa mtihani wote umeinama upande mmoja, kipimo hicho hakiwezi kuuona mwinamo.

Maswali ya msamiati ya sasa yanaonekanaje?

Nitakupa mfano wangu kwa Kiswahili, ili uone kinachotakiwa bila kuzuiwa na lugha:

*Kwa miaka mingi wakulima wa Paje walifunga mwani kwenye maji ya kina kifupi karibu na pwani. Maji hayo yalipozidi joto na mwani ukaanza kuoza, wengine waliacha kazi. Lakini wengine ______ kwa kusogeza mashamba yao kwenye kina kirefu.*

*A. walistaajabu   B. walijirekebisha   C. walisusa   D. waliazima*

Jibu ni B. Sikiliza lakini sababu, kwa sababu sababu ndiyo inayoleta alama. Neno "lakini" linakwambia kwamba kundi la pili halikufanya kama la kwanza, kwa hivyo "walisusa" linaanguka. Maneno "kwa kusogeza mashamba" yanaeleza kitendo walichokifanya kuikabili hali, kwa hivyo "walistaajabu" nalo linaanguka. "Waliazima" halina pa kushika. Mtihani unataka utafute ushahidi ndani ya sentensi, na wanaoanza kwa kuangalia A, B, C, D kabla ya kuusoma ushahidi ndio wanaonaswa. Funika majibu kwa mkono, weka neno lako mwenyewe kwenye pengo hata kama ni la Kiswahili, kisha funua utafute linalofanana nalo.

Aina ya pili ni neno la kawaida lenye maana zaidi ya moja. Hili wanafunzi wetu wanalielewa haraka nikiwauliza kuhusu "funga". Mgeni aliyefundishwa kwamba kufunga ni mlango tu, atafanya nini akiambiwa mtoto amefunga siku yake ya kwanza ya Ramadhani, au Mlandege imefunga bao dakika ya mwisho? Kiingereza kiko hivyo hivyo. Mwanafunzi wa Kilimo au Kemia analijua "yield" kuwa ni mavuno au kiasi kinachopatikana. Kwenye kifungu cha SAT linaweza kuja likiwa na maana ya kukubali kushindwa au kumpisha mtu. Anayeijua maana moja kwa uhakika ndiye anayehadaika zaidi, kwa kuwa hana sababu ya kusita.

Nikariri orodha za maneno?

Sikushauri uanze hapo. Najua watoto wetu wana kifua cha kuhifadhi; wengi wamepitia chuo cha Kurani na wamehifadhi juzuu kadhaa kabla ya darasa la saba. Kipaji hicho ni cha kweli na usikidharau. Ila swali la neno ndani ya muktadha halimtuzi aliyekariri maana moja, kama ulivyoona kwa "yield".

Neno linakaa kichwani ukikutana nalo mara nyingi katika sehemu tofauti. Kwa hivyo soma, na usome vitu ambavyo skuli haikupi: hadithi za watu wa kawaida wanaopika, wanaogombana, wanaosafiri, wanaofanya kazi za nyumbani. Riwaya ya Kiingereza iliyochakaa, ya mtoto na bibi yake, itakupa maneno madogo mengi kuliko kitabu cha maandalizi. Uwe na daftari. Usiandike neno na tafsiri yake pekee. Andika sentensi nzima ulikolikuta, kisha andika yako kuhusu maisha ya hapa. "Lawn" ikae na uwanja wa majani wa Forodhani, "chore" ikae na kuchota maji na kufagia ua. Neno likishapata makazi kwako halitoki.

Ni kweli kwamba watoto wa maskini wana maneno machache kwa sababu wazazi hawazungumzi nao?

Wazo hilo lilienezwa na kazi ya Betty Hart na Todd Risley ya mwaka 1995. Walifuatilia familia 42 katika jimbo la Kansas, wakakadiria kwamba mtoto wa familia maskini anafika umri wa kuanza skuli akiwa amesikia maneno milioni 30 pungufu. Idadi hiyo ilisafiri dunia nzima. Familia zenyewe zilikuwa chache mno kubeba dai kubwa hivyo, na maneno yaliyohesabiwa ni ya wazazi, si ya nyumba nzima. Mwaka 2019 Douglas Sperry na wenzake walichapisha uchunguzi wa jamii kadhaa za Marekani. Hawakulikuta pengo hilo, na walipohesabu pia maneno ya watu wengine wa nyumbani na yale yasiyoelekezwa kwa mtoto moja kwa moja, tofauti kati ya jamii moja na nyengine ilikuwa kubwa hata miongoni mwa maskini.

Kwetu nalikataa kwa nguvu zote. Mtoto wa Micheweni anakulia kwenye nyumba ya shangazi, mabibi, majirani na wageni, anategewa vitendawili, anasimuliwa, anakemewa kwa methali, na anasoma Kiarabu juu ya hayo. Maneno anayo tele. Yako katika lugha ambayo mtihani haukuiuliza.

Basi kuufuta mtihani si ingekuwa haki zaidi?

Hapa wasomi wenyewe wamegawanyika, na mimi sitakuficha ninakosimama.

Upande mmoja, Chuo Kikuu cha California kiliacha kabisa kuzitazama alama za SAT. Mwaka 2023 watafiti wa Opportunity Insights wa Harvard walionyesha kwamba watoto wa asilimia moja ya familia tajiri zaidi Marekani wana uwezekano mara 13 zaidi ya watoto wa kipato cha chini wa kupata alama 1300 au zaidi. Hiyo ni Marekani, ambako wote hao wanasema Kiingereza.

Upande wa pili, chuo kikuu cha MIT kiliurudisha mtihani mwaka 2022, na kile cha Dartmouth kikatangaza hivyo Februari 2024. Dartmouth walikuta jambo la kusikitisha: kutuma alama kulipokuwa hiari, wanafunzi wa skuli dhaifu walikuwa wanazificha alama ambazo zingewasaidia. Waliziona ndogo wakijilinganisha na watoto wa skuli za kifahari, wakati wasomaji wa maombi wangeziona kubwa wakizilinganisha na skuli walizotoka. Na ukiuondoa mtihani, kinachobaki ni insha zilizopigwa msasa na walimu wa kulipwa, safari za kujitolea na vilabu. Mtoto wa Kojani hana hata kimoja.

Mimi nataka mtihani ubaki, usomwe pamoja na mahali mtoto alipotoka. Alama 600 za kusoma kutoka kwa mtoto aliyejifunza Kiingereza kwa ubao na chaki ni ushahidi wa kazi kubwa kuliko 700 za mtoto aliyezaliwa nacho, na chuo kisichoweza kuliona hilo kinajinyima mwanafunzi.

Gharama zikoje?

Ada kwa anayefanyia nje ya Marekani inapita dola 100. Msamaha wa ada upo, lakini ni kwa wanafunzi wa kipato cha chini walioko Marekani na raia wake walio nje. Mtoto wa mvuvi wa Pemba hasamehewi. Naliona hili kuwa dhulma iliyo wazi zaidi kuliko ya maneno, kwa sababu kuiondoa hakuhitaji utafiti wowote.

Ongeza nauli ya boti na malazi, maana kwa mtoto wa Pemba kwenda kwenye kituo ni kuvuka bahari. Ongeza kompyuta ya mkononi au tableti, kwa kuwa simu haikubaliki. Kabla ya kulipa chochote, angalia kituo kilichopo kwenye tovuti ya College Board, na ulizia kanuni za viza za wakati huo, kwa sababu hubadilika.

Mitihani yetu wenyewe imesalimika na tatizo hili?

Haijasalimika, na nasikitika kwamba tunaizungumza SAT kwa sauti kubwa na hii kwa sauti ndogo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Sekondari karibu masomo yote ni Kiingereza, na mtihani wa kidato cha nne wa NECTA, baraza la mitihani la taifa, hali kadhalika. Mwulize mtoto kwa Kiswahili kwa nini karafuu inanyauka ikipandwa pabaya. Atakueleza udongo, maji, kivuli na wadudu, kwani ameyaona shambani kwao. Muulize kwa karatasi inayoanza na "Account for", yaani toa sababu za, na utamkuta anahesabu kitu. Hakushindwa Baiolojia, ila amri ya swali hakuifahamu.

Dawa ya haraka iko mikononi mwetu walimu. Kila somo, si Kiingereza peke yake, litenge muda wa kufundisha vitenzi vya maswali: eleza, fafanua, linganisha, toa sababu, tathmini. Ni vichache. Mwalimu wa Jiografia anayeviacha kwa mwalimu wa Kiingereza anawapoteza wanafunzi wake mwenyewe.

Nimebakiwa na mwaka mmoja na niko mbali na mjini. Nianze wapi?

Pakua Bluebook, programu ya mtihani wenyewe. Ndani yake kuna majaribio kamili ya bure. Mazoezi ya Khan Academy, yaliyoanza 2015 kwa ushirikiano na College Board, nayo ni ya bure. Bando ndiyo kikwazo, kwa hivyo jikusanyeni watatu au wanne, mtumie kompyuta moja. Maktaba Kuu iko Maisara kwa walio Unguja, na Chake Chake kuna maktaba kwa walio Pemba. Walio dakhalia wajipangie saa moja ya kusomeana kwa sauti usiku.

Jaribio la kwanza lifanye bila maandalizi. Kisha kaa na kila swali ulilokosa, uandike kilichokuangusha: neno, haraka, au hoja yenyewe. Wengi hudhani ni maneno, wakagundua kwamba nusu ya makosa ni haraka.

Alama yangu ya kusoma ni ndogo. Niitume?

Kwa chuo kisicholazimisha alama, tafuta kiwango cha kawaida cha waliokubaliwa huko. Ukiwa chini kidogo tu, tuma, kwa sababu ile waliyoigundua Dartmouth. Ukiwa chini sana na hisabati nayo haikusaidii, acha.

Kwa vyovyote, mwombe mwalimu mkuu aandike barua inayoieleza skuli: wanafunzi wangapi darasani, lugha gani inazungumzwa nyumbani, maktaba ipo au haipo, wangapi wamewahi kufanya SAT. Vyuo vya Marekani huomba maelezo hayo, na skuli zetu nyingi huyaacha tupu. Mwendee mapema, mwezi wa Septemba, kwa sababu tarehe nyingi za mwisho ni Novemba mosi na siku za mwanzo za Januari, na Disemba skuli zimefungwa, muhuri umefungiwa kabatini.